Mrudishie Mwenzako Mbuzi Wake

Mwalimu wetu wa mdahalo, kwa miaka yote niliyomjua, ameshindwa kwa hoja mara moja tu, na mimi nilikuwepo. Wanafunzi wake wa zamani tukikutana Lodwar, kila mmoja husimulia ushindi huo kana kwamba ni wake. Haukuwa wa yeyote kati yetu. Sisi tulitumwa Kakuma mmoja baada ya mwingine kumshawishi akubali kupasuliwa macho, maana mtoto wa jicho alikuwa ameyafunika yote mawili na daktari alikuwa amesema kwamba akizidi kuchelewa huenda asione tena. Tulirudi mmoja baada ya mwingine tumeufyata mkia.

Sitasema alizaliwa wapi wala ni wa ukoo gani. Mwenyewe akiulizwa hujibu kwamba hilo halithibitishi chochote, kisha anakuuliza wewe unadai nini. Anaweza kumuuliza hivyo mkuu wa wilaya, na anaweza kumuuliza mtu aliyebisha hodi kuomba chumvi.

Mwanamke huyo alitufundisha Kiswahili katika shule moja ya Kanamkemer, mtaa wa Lodwar, kwenye darasa la mabati ambalo saa nane mchana lilikuwa tanuri. Mtaala ulimtaka afundishe insha ya hoja kwa wiki chache tu. Yeye alifundisha hoja mwaka mzima, akapenyeza ngeli na mashairi katikati ili mkaguzi akija asikose cha kuandika. Upande wa kushoto wa ubao alikuwa ameandika maneno matano: dai, sababu, ushahidi, pingamizi, jibu. Hakuna aliyeruhusiwa kuyafuta. Mwalimu wa hesabu alibanana na pembetatu zake upande wa kulia, akinung'unika.

Siku ya dai alimsimamisha mwenzetu mmoja na kumwambia atoe dai lolote. Mwenzetu akasema, "Lodwar kuna joto." Mwalimu akamshukuru kwa salamu zake na kumwomba sasa aanze kuzungumza. Alitueleza kwamba jambo lisiloweza kukataliwa na yeyote halina haja ya kutetewa, kwa hiyo halifai kuitwa dai. Mwenzetu akakuna kichwa, akasema basi shule ifunguliwe alfajiri na ifungwe saa sita. Darasa likapasuka. Waliokaa karibu na shule waliunga mkono, waliokaa ng'ambo ya mto walipinga, na mmoja aliyekuwa hajathubutu kulala darasani tangu muhula uanze akalala, kwa sababu alijua katika kelele zile hataitwa. Mwalimu alikunja mikono, akatutazama tukibishana kwa raha kama mtu anayetazama mvua.

Ushahidi alitufundisha kwa miguu yetu wenyewe. Asubuhi moja kijana mmoja alichelewa, akajitetea kwamba laga, ule mto wa msimu, imejaa maji na ilimbidi asubiri yapungue. Mwalimu hakumgombeza. Alituomba sote tuitazame miguu yake, na tukaiona nyeupe kwa vumbi hadi magotini. "Laga imejaa na miguu ina vumbi," akasema. "Chagua moja, nyingine utuachie." Kijana akachagua vumbi. Leo ni polisi, na huniambia kwamba bado huanza kazi yake kwa kutazama miguu.

Kulikuwa na maneno aliyoyapiga marufuku, na la kwanza lilikuwa "kila mtu anajua". Ukilitamka, alitoka nje hadi kwenye ua na kumsimamisha mpita njia wa kwanza. Siku yangu ilipofika, mimi nilikuwa nimetangaza kwa kifua mbele kwamba kila mtu anajua samaki wa ziwani ni bora kuliko nyama. Mpita njia akawa mama mmoja mwenye mzigo wa kuni kichwani. Mwalimu akamuuliza kama anajua. "Mimi sijui hiyo," mama akajibu. "Unataka kuni ama hutaki?" Mwalimu alinunua kuni, akarudi, akaniambia kwamba "kila mtu" wangu amepungua mmoja.

Neno alilolipenda kuliko yote lilikuwa "hata hivyo". Alilivuta kwa utamu, akasita katikati, na ukimsikia amelianza ulijua umekwisha. Vijana wa boda boda wa Kanamkemer walilichukua. Alipopita stendi yao walimwamkia, "Hata hivyo, mwalimu?" naye akajibu, "Hata hivyo, nitatembea." Alikuwa haamini pikipiki, nitalieleza hilo.

Machozi aliyaruhusu, lakini kwa utaratibu. Mtetezi mmoja wetu alikuwa na kipaji cha kulia. Akisimama tu kuzungumzia elimu ya msichana, macho yalijaa na majaji wakaanza kutafuta leso. Mwalimu alimwambia moyo una haki ya kusema, ila usimame kwenye foleni nyuma ya ushahidi. Yule binti akawa analia mwishoni, baada ya hoja zake zote, na hapo ndipo alipoanza kushinda.

Sasa nije kwa mbuzi, maana bila mbuzi humjui mwalimu huyu.

Sisi Waturkana mifugo yetu tunaitia alama masikioni. Mbuzi akipotea akaonekana kwa mwingine, mwenyewe huja, hushika sikio, hutazama mkato, akasema ndiye au siye. Hakuna anayebishana kabla ya hapo. Mwalimu alikichukua kitendo hicho kama kilivyo akakiweka kwenye neno la nne, pingamizi. Hoja ya mpinzani, alisema, ni mbuzi wake. Kabla hujaipinga, mrudishie kwanza, mzima, mwenye masikio yake yote mawili. Uiseme hoja yake vizuri kama anavyoisema yeye, au zaidi, mpaka atikise kichwa na kukubali kuwa ndiyo yake. Akikataa, humjibu, rudi ukatafute mbuzi halisi. Kulikuwa na midahalo ya Ijumaa ambayo hatukufika kwenye jibu hata kidogo, kwa kuwa muda wote uliishia kwenye kushikana masikio.

Kanuni hiyo ndiyo iliyotupa aibu tamu kuliko zote. Tulipelekwa Kakuma kushindana na shule moja ya kambini, watoto wa kutoka Sudan Kusini, Kongo na Somalia, wenye Kiswahili cha kila namna na ndimi kali kama wembe. Mada ilikuwa kwamba ngamia ni bora kuliko pikipiki. Sisi tulimtetea ngamia, na mimi ndiye niliyepewa kazi ya pingamizi. Nikaona nimrudishe mbuzi wa wenzetu kwa heshima zote. Nikaeleza jinsi mama mwenye uchungu wa uzazi anavyotolewa kijijini Namoruputh kwa pikipiki, amefungwa kwa leso nyuma ya dereva, na akafika hospitali akiwa hai. Nikaeleza kwamba pikipiki haijui ukame. Wapinzani wetu walitikisa vichwa wote kwa pamoja. Kiongozi wao alisimama, akasema, "Ni yenyewe kabisa, ndugu. Tunashukuru mingi." Ukumbi ukapiga makofi, na hata dereva wetu, aliyetuleta kutoka Lodwar, naye akapiga. Nilipofika kwenye jibu nilikuwa nimebakiwa na muda wa kusema tu kwamba hata hivyo, ngamia ana maziwa.

Tulishindwa vibaya. Jaji mmoja, aliyekuwa mgeni Turkana, aliuliza kwa upole ni saa ngapi tuliamua kuhamia upande wa pili. Mimi nilitamani ardhi ipasuke. Mwalimu alicheka kutoka Kakuma hadi Lodwar. Alicheka gari likiwa barabarani, alicheka lilipopasuka gurudumu, akacheka tukiwa tumeketi mchangani tukisubiri. "Mbuzi wao mmemrudisha amenona kuliko alivyotoka," alisema. Kisha akaniambia jambo nililolibeba mpaka leo, kwamba siku hiyo nilikuwa nimejifunza nusu ngumu, na nusu iliyobaki ningejifundisha mwenyewe. Nilimpenda sana jioni ile.

Usidhani alikuwa mtu wa kanuni tupu. Alikuwa na vituko vyake. Alidai ushahidi kwa kila mtu, lakini yeye aliamini kwamba betri za redio zikianikwa juani zinapata nguvu upya, na dirisha lake halikukosa betri zilizopangwa kama askari. Ukimuuliza ushahidi alikujibu, "Redio si inalia?" Alitufundisha kusema kwa ufupi, na kanisani akipewa sala ya kufunga, watu waliketi. Alitukataza kupaza sauti, akisema mwenye kupaza ameishiwa. Mbuzi halisi wakiingia kwenye mboga zake alisikika mpaka ng'ambo. Na pikipiki hakupanda kwa sababu aliwahi kuanguka nayo mara moja, jambo ambalo darasani angeliita mfano mmoja usiotosha kujenga kanuni. Nilimwambia hivyo. Akasema mfano huo mmoja ulikuwa kiuno chake.

Alipostaafu alituacha mdomo wazi, akahamia Kakuma. Alisema watu wa Lodwar wamekubaliana kwa muda mrefu mno, na Kakuma kila mtu amekuja na maoni yake kutoka kwao. Alipanga nyumba karibu na barabara kuu, mahali ambapo mabasi ya Kitale na Lokichoggio yanapumzika. Huko macho yalianza kufifia. Alipokuwa hawezi tena kusoma, majirani wakaanza kuja jioni kumsomea gazeti, likiwa limechelewa siku kadhaa, na baada ya kila habari ubishi ulianza. Alikuja fundi wa simu Mkongo, alikuja binti wa sekondari wa jirani, na alikuja mama chai.

Mama chai ni mkimbizi wa Sudan Kusini aliyeweka kibanda chake kando ya lango la mwalimu. Alianza kuja kwa ajili ya kujifunza kusoma Kiswahili, akakutana na yale maneno matano. Aliyapenda vibaya. Upande wa pili wa barabara kuna mama mwingine wa chai, wa hapa hapa Kakuma, na ushindani wao ulikuwa wa muda mrefu.

Kutoka Lodwar tuliwatuma watu wetu. Akatangulia muuguzi, mwanafunzi wake wa zamani, na takwimu zake. Mwalimu akamuuliza kama takwimu hizo zilihesabu watu wa umri wake, na muuguzi hakujua. Akafuata mchungaji, akamwambia Mungu ameumba nuru. Mwalimu akamwuliza kama yule aliyeiumba hakuumba pia jioni. Mchungaji alirudi akalitumia swali hilo kwenye mahubiri. Mwishowe wakasema niende mimi, kwa kuwa naendesha kipindi cha mjadala redioni na mdomo ndio riziki yangu. Hawakujua kwamba mwalimu ndiye mkosoaji wangu mkubwa. Hupiga simu baada ya kipindi, hasalimii, anasema tu, "Leo umeiba mbuzi," na kukata.

Nilifika adhuhuri. Kabla ya kuingia langoni nilisimama mbele ya kibanda cha mama chai, nikacheka mpaka mbavu zikauma. Alikuwa ametundika kipande cha bati kilichoandikwa kwa rangi nyekundu, kila neno mstari wake. Dai: chai hapa ni tamu kushinda ya ng'ambo. Sababu: maziwa ya ngamia na tangawizi. Ushahidi: kunywa.

Mwalimu alikuwa barazani, amegeuza uso kuelekea hatua zangu.

"Ejok?" nikamwamkia kwa Kiturkana.

"Ejok-noi. Jana ulimkatiza mgeni wako kabla hajamaliza," akasema. "Keti. Najua umeletwa na nini."

Nilikuwa nimejiandaa njia nzima. Sikuanza na hoja yangu. Nilimrudishia mbuzi wake. Nikasema: mwalimu, unasema umeishi kwa masikio kuliko macho, na uliyotaka kuyaona umeshayaona. Akatikisa kichwa kukubali. Unasema kisu kwenye jicho la mtu aliyekula chumvi nyingi kinaweza kuharibu hata ule mwanga mdogo uliobaki. Akakubali. Unasema nafasi ya kitanda hospitalini afadhali apewe mtu mwenye watoto wa kulea. Akakubali tena, na hoja zake zilikuwa zimenona mno mdomoni mwangu. Nilijiona tena ukumbini na ngamia wangu.

Mama chai alikuwa ameingia na vikombe, akampa mwalimu chake. Alisimama akisikiliza.

"Umemleta vizuri," mwalimu akasema. "Lakini huyo mbuzi ana sikio moja. Kuna sababu moja hukuitaja, na hukuitaja kwa kuwa sijamwambia mtu."

Nikamuuliza ni ipi. Aliupapasa ukingo wa kikombe chake. Katika miaka yote sikuwahi kumwona akitafuta neno, na nilishikwa na huzuni ya ghafla, nikataka kumwambia basi, aache.

Aliyesema ni mama chai.

"Mimi najua hiyo," alisema. "Wewe unaogopa macho ikirudi, watu ya jioni haitakuja tena. Utasoma peke yako. Hiyo kitu ni mbaya, mwalimu. Mimi najua. Watu wangu mingi hapa kambi imeondoka, ingine imeenda mbali sana, na jioni nyumba inakuwa kubwa."

Mwalimu aligeuza uso upande wa sauti ile. Kisha akatikisa kichwa polepole.

"Ndiye," akasema. "Masikio yote mawili."

"Sasa najibu," mama chai akasema, akaweka sinia chini. "Huyu wa redio anaongea kila siku. Mimi nasikia, lakini redio hajibu mimi. Wewe unajibu mimi. Sisi hatukuji kwa sababu ya macho yako. Tunakuja kukupinga."

"Hilo ni dai," mwalimu akasema. "Ushahidi?"

"Ubao yangu. Iko pale gate. Dreva ya basi imesoma, watu ya ofisi inapiga picha, mtu ya Lokichoggio inasimama kucheka. Maneno ni yako. Kakuma yote imesoma, mwenye maneno peke yake hajasoma. Mimi nataka wewe usome, halafu uniambie makosa. Nani mwingine ataniambia?"

Nilimtazama mwalimu. Midomo yake ilikuwa imefunguka kidogo, tayari, kama siku zote. Alijaribu. Nilimwona akizunguka hoja ile akitafuta mlango wa kuingilia. Halafu akaanza kucheka, kile kicheko chake cha gurudumu lililopasuka, mpaka chai ikamwagikia gauni.

"Ubao wenyewe unasemaje?" akaniuliza mimi.

"Sitakusomea," nikamwambia. Hiyo ndiyo ilikuwa hoja yangu pekee iliyofaulu siku hiyo.

Alikuja Lodwar pamoja na mama chai, aliyefunga kibanda chake na kukaa naye wodini wakibishana na wauguzi juu ya uji. Wanafunzi wake tulijaa mlangoni mpaka tukafukuzwa. Bandeji zilipofunguliwa alitutazama mmoja mmoja, akasema tumezeeka, na kwamba ushahidi anao.

Niliwarudisha Kakuma mwenyewe. Mabasi yalikuwa yamesimama na abiria wameshuka kunywa chai ng'ambo, kwa kuwa huku kulikuwa kumefungwa. Mwalimu hakuingia ndani. Alisimama mbele ya kile kipande cha bati, akakisoma kwa sauti kuanzia juu hadi chini. Alikisoma tena, kimya. Alipangusa macho, na mama chai akamsihi asiyaguse, daktari amekataza. Watu walianza kusogea.

"Ni kizuri," mwalimu akasema. "Nimefurahi kuliko nilivyofurahi kwa miaka mingi. Hata hivyo..."

Sote tukaguna. Vijana wa mabasi walipiga mbinja.

"Pingamizi liko wapi? Umemwambia mtu chai yako inashinda ya ng'ambo. Mbuzi wa mama wa ng'ambo umemweka wapi?"

Mama chai alikuna shingo. Alitazama ng'ambo ya barabara, kwa yule mshindani wake aliyekuwa amesimama na birika mkononi, akitutazama kwa wasiwasi. Aliokota kipande cha mkaa kwenye jiko baridi, akainama, akaandika chini ya bati kwa herufi kubwa: Mama wa ng'ambo anasema chai yake inatoka haraka na hajawahi kunyima mtu sukari. Ni kweli.

Yule mama alivuka barabara na birika lake. Umati ukampisha. Alisoma polepole, kidole kikifuata maneno, akarudia mstari wa mwisho. Kisha akatikisa kichwa.

"Hiyo ni yangu," akasema, na akammiminia mwalimu kikombe kabla jiko la upande huu halijawashwa.

Jioni ile gazeti lilifika kama kawaida. Fundi wa simu alikuja, binti wa sekondari alikuja, na mama chai alikuja akiwa na mwenzake wa ng'ambo. Mwalimu alilipokea gazeti, akalinyoosha mbele ya uso wake, na niliyaona macho yake yakikimbia juu ya habari ya kwanza mpaka chini, na tabasamu dogo likimtoka alipofika kwenye jambo la kupinga. Kisha akalikunja, akamkabidhi binti.

"Herufi zao ni ndogo sana siku hizi," alisema. "Hebu nisomee."

Hakuna aliyemdai ushahidi.